Kipigo cha nyumbani: takwimu zinasema nini, na kesi hufia wapi

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Wa kingono ni asilimia 12. Utafiti wa namna hiyo wa mwaka 2015/16 ulitoa asilimia 40 na 17. Kushuka huko kunatia moyo, lakini hata kwa hesabu ya sasa tunazungumzia zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti wake uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya: wanawake waliowahi kuwa na mwenza na kufanyiwa naye ukatili wa kimwili au wa kingono walikuwa asilimia 41 Dar es Salaam na 56 Mbeya.

Wengi huuliza kwa nini takwimu hizi ni kubwa kuliko za polisi. Sababu ni namna maswali yanavyoulizwa. Mdodosaji hamuulizi mwanamke kama "amenyanyaswa", kwa kuwa mtu aliyezabwa makofi mara mbili mwaka jana atajibu hapana; kwake hayo ni mambo ya ndoa. Anaulizwa kitendo kimoja kimoja: je, mumeo amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma au kukurushia kitu? Kukupiga teke, kukuburuta? Kukukaba au kukuunguza makusudi? Kukutishia kwa kisu? Katika kaya moja huchaguliwa mwanamke mmoja tu kujibu sehemu hii, na mtu mwingine akiingia mahojiano husimama. Kitabu cha polisi hakina faragha hiyo. Kinaandika waliofika kituoni tu, na kabla ya kituo kuna milango mingi ya kupita.

Mlango wa kwanza ni fikra zetu wenyewe. Utafiti huohuo huuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa mojawapo ya sababu tano: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutowajali watoto, au kumnyima unyumba. Mwaka 2015/16 asilimia 58 ya wanawake walikubali walau sababu moja. Wanaume walikuwa asilimia 40. Wapo wanaolitumia jibu hilo kusema wanawake wanapenda kupigwa. Huo ni usomaji wa kikatili. Mwanamke aliyefundwa kwamba ndoa ni kuvumilia na siri ya nyumba haitoki nje, kisha akaona mama yake na shangazi zake wakirudishwa kwa waume zao na majeraha mabichi, anajibu kwa kanuni aliyoikuta. Kanuni hiyo ndiyo inayomfanya ajiulize kwanza alikosea nini, badala ya kwenda hospitali.

Sheria haiko upande wa kanuni hiyo, na haijawa hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Kinamlinda mke na mume, maana wanaume wanaopigwa nao wapo na huficha zaidi. Kipigo kinashtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu: shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, au kusababisha madhara makubwa, kulingana na majeraha. Pengo lipo kwenye ubakaji: sheria haimhesabu mume kuwa amembaka mkewe, isipokuwa wakiwa wametengana. Pengo hilo linapaswa kuzibwa. Hata hivyo, mwanamke aliyelazimishwa na mumewe ana haki ya matibabu kama mwingine yeyote.

Kesi nyingi hufa katika saa na siku za mwanzo. Ikiwa ni dharura, piga 112. Aliyeumia sana aende hospitali moja kwa moja. Damu inayovuja haisubiri fomu, na karatasi za polisi zitafuata. Asiye katika hatari hiyo aende kituo cha polisi na kuomba Dawati la Jinsia na Watoto, ambako maelezo huchukuliwa kwa faragha. Taarifa ikishaandikwa adai namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi, na aihifadhi. Bila namba hiyo, kufuatilia shauri ni kuhangaishwa. Atapewa PF3, fomu ya polisi inayobeba maelezo ya daktari kuhusu majeraha. Polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza yake, kisha fomu hurudi kituoni.

PF3 ndiyo inayoharibu mashauri mengi. Daktari akiandika tu "maumivu mwilini", mahakama haina cha kushika. Jeraha liandikwe liko wapi, upande gani, urefu na upana wake kwa sentimita, na linaonekana limesababishwa na nini. Kwenye ngozi nyeusi michubuko ya ndani huchelewa kujitokeza, hivyo arudi kupimwa tena baada ya siku moja au mbili. Picha zipigwe mara mbili kwa kila jeraha: moja ya mbali inayoonyesha ni kiungo gani, nyingine ya karibu ikiwa na rula pembeni. Nguo zenye damu ziwekwe kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi.

Kwa ukatili wa kingono saa zina uzito wa pekee. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ikipita uwezo wake hupungua. Humezwa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Palipo na kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii huhudumu mahali pamoja, na hilo humwepusha kusimulia aibu ileile kwenye meza nne.

Kukabwa koo tunakusisitiza sana, kwa kuwa huchukuliwa kama jambo dogo pale shingo isipokuwa na alama. Mara nyingi alama hazionekani kabisa. Dalili ni sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, vidoti vyekundu kwenye weupe wa macho, kizunguzungu, kujikojolea au kupoteza fahamu hata kwa sekunde. Mtu anaweza kuzidiwa saa nyingi baadaye, kwa hiyo apelekwe hospitali. Utafiti uliofanyika Marekani ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara saba kuliko anayepigwa bila kukabwa. Hatari nyingine kubwa ni kipindi anapotangaza kuondoka. Asitangaze. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, kitambulisho na fedha kidogo viwe kwa mtu anayemwamini kabla ya siku hiyo.

Jirani anayesikia kelele asiende peke yake. Waende wawili au watatu, wagonge mlango kwa kisingizio chochote, hata cha kuomba kiberiti. Kugongwa tu mara nyingi hukatiza kipigo. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa asiwakalishe mke na mume kwenye benchi moja na kuwauliza tatizo nini, kwa sababu aliyepigwa hatasema ukweli mbele ya anayelala naye usiku huo. Amsikilize kila mmoja kivyake, aandike tarehe na alichokiona, ampeleke aliyepigwa polisi. Kumalizana kifamilia kwa mbuzi na kuombana radhi kumewarudisha wengi kwenye kipigo kikubwa zaidi. Baraza la usuluhishi wa ndoa lina kazi yake katika talaka. Shambulio ni jinai, na si la baraza kulisuluhisha.

Sababu inayowafanya wengi waache kwenda mahakamani kutoa ushahidi ni chakula cha watoto na nyumba. Hapa elimu inapungua sana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Mwanamke asiyewahi kuajiriwa anaweza kudai sehemu yake, na anaweza kuomba matunzo ya watoto. Mahakama itatazama ukubwa wa mchango, hivyo atunze risiti za ujenzi, hati ya kiwanja na majina ya waliomwona akisimamia shamba au duka. Asiye na fedha za wakili amwone msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kumwelekeza kwake, na huduma hiyo hailipiwi.