Safu ya «inst» ya popcon haipimi matumizi

Kila ukizuka ubishi wa programu ipi ya barua pepe inapendwa zaidi kwenye Linux, Evolution au Thunderbird, lazima atokee mtu na safu ya «inst» ya popcon (popularity-contest), takwimu za hiari za vifurushi vya programu kwenye mashine za Debian, na mjadala unaishia hapo. Safu hiyo inahesabu mashine zenye kifurushi, basi. Ukichagua GNOME, mazingira ya eneokazi, kwenye kisakinishi cha Debian, Evolution inakuja yenyewe pamoja na LibreOffice. Thunderbird mpaka uiombe. Mbaya zaidi ni evolution-data-server, huduma yake ya nyuma ya pazia: kalenda ya GNOME inaiamsha hata kama hujawahi kufungua Evolution.

Safu ya kutazama ni «vote», lakini ujue inatoka wapi. Popcon haikai ikikuchungulia ukifanya kazi. Mara moja kwa wiki inapitia vifurushi, inatafuta faili za programu, kisha inasoma atime, yaani muda faili iliposomwa mara ya mwisho. Ikiwa ndani ya siku 30, ni vote. Ikizidi hapo, ni old. Kifurushi kilichosakinishwa au kusasishwa karibuni kinawekwa recent, kwa kuwa hakuna njia ya kujua kama aliyeigusa faili ni wewe au ni dpkg, programu inayosakinisha vifurushi. Fonti na vifurushi vingine visivyo na programu ndani ni no-files.

Na atime yenyewe haiaminiki kiasi hicho. Tangu kerneli (kiini cha Linux) 2.6.30 ya mwaka 2009, mpangilio wa kawaida ni relatime: atime inaandikwa upya ikiwa imepita saa 24, au faili ikiwa imebadilishwa tangu isomwe. Kwa hesabu ya siku 30 hilo halina madhara. Kinachoharibu ni noatime, inayozuia atime kuandikwa kabisa, ambayo watu wanaiweka kwenye /etc/fstab, faili ya mipangilio ya diski, ili kupunguza uandishi kwenye SSD. Mashine ya namna hiyo itaripoti karibu kila kitu old, hata programu unayoifungua kila siku, mradi haiko wazi popcon inapopita. Kagua yako (amri ya kwanza inaonyesha kama kuna noatime, ya pili atime ya Evolution):

findmnt -no OPTIONS /
stat -L -c %x /usr/bin/evolution

Kisha endesha popularity-contest kama root (msimamizi wa mfumo) usome ripoti yako mwenyewe. Ukiona <OLD> imetapakaa kila mstari, noatime ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kosa linakwenda upande wa pili pia. Nakala rudufu ya tar inayosoma /usr yote bila --atime-preserve inafufua programu ambazo hazijaguswa miaka. Na programu iliyo wazi popcon inapopita huchukuliwa kuwa imesomwa wakati huo huo, hata kama uliifungua miezi miwili iliyopita na hujaigusa tena.

Mimi hugawanya vote kwa inst, na hulinganisha tu vifurushi vinavyoingia kwenye mashine kwa njia moja. Audacity na Ardour, programu za kuhariri sauti, sawa: zote mbili mtu anazifuata mwenyewe. Evolution na Thunderbird, hapana. Hata uwiano huo siuamini moja kwa moja. Mtu anayepanga jarida la robo mwaka kwa Scribus ataonekana haitumii, ilhali bila Scribus jarida halitoki. Isitoshe, jibu la kawaida la swali la kushiriki popcon ni hapana, kwa hiyo tunawahesabu waliojitolea tu, na seva zimo humo humo.

Flatpak na Snap, njia nyingine za kusakinisha programu nje ya vifurushi vya Debian, popcon haizioni kabisa. Kwenye Ubuntu 22.04 Firefox ni Snap, na kifurushi cha deb (aina ya Debian) chenye jina hilo kimebaki daraja la kukupeleka huko.

Orodha ya DistroWatch, tovuti inayopanga matoleo ya Linux kwa umaarufu, inahesabu wanaofungua kurasa zake, na wenye tovuti wenyewe wameandika kwamba haihusiani na matumizi. pkgstats ya Arch, toleo jingine la Linux, inatuma orodha ya vifurushi vilivyosakinishwa bila atime yoyote, hivyo namba zake zilinganishe na inst, usizipeleke kwenye vote.