Kayaki ya kujaza: tundu mnaloliogopa na upepo msioujali

Juzi kijana mmoja alinipigia simu akiwa dukani, boksi la kayaki ya kujaza, chombo chepesi cha kupiga kafi kinachojazwa hewa kwa pampu, liko mbele yake, hela iko mkononi. Swali lake nililijua kabla hajalimaliza: "Fundi, hii kitu ikitoboka katikati ya maji, si ndiyo nimekwisha?" Nimelijibu swali hilo kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, kwa wenye hoteli, hata kwa askari wa getini. Kwa miaka yote hiyo hajatokea mteja mpya wa kuniuliza, kabla sijamwambia, upepo utakuwa unatoka wapi siku atakayoingia majini. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Ninafundisha kupiga kafi kwenye ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, na nyumbani nina meza ya kuziba kayaki na kutengeneza majiko ya kambi. Nitaanza na tundu, maana bila hilo hamtanisikiliza.

"Ikitoboka inazama"

Kayaki nyingi za bei ya kawaida, zile za plastiki laini zinazouzwa kwa wanaoanza, zina vyumba vitatu vya hewa: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sakafu. Kila kimoja kina valvu yake. Kimoja kikipata tundu, viwili vinabaki vimejaa na vinakubeba. Isitoshe, hewa iliyomo haina nguvu kubwa. Tairi la gari hujazwa hadi psi 30 na zaidi (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa), ubavu wa kayaki ya aina hii huwa karibu na psi 1 tu. Kwa hiyo mwiba hauleti mlipuko. Unaleta kuvuja kwa taratibu, una muda wa kugeuza na kurudi ufukweni.

Na matundu ninayoziba mimi, karibu yote yamepatikana nchi kavu. Watu wanaiburuta juu ya mawe ya matumbawe na chaza badala ya kuinyanyua, wanaweka kisu cha kukatia chambo sakafuni, wanamruhusu mbwa apande. Kiraka, gundi ya plastiki hiyo, kuisafisha vizuri sehemu yenyewe na kuacha ikauke usiku mzima: kazi imekwisha. Tundu ni usumbufu wa Jumapili moja.

"Bahari imetulia kama mafuta, leo ni salama"

Hapa ndipo penye mauti, na hapa ndipo ninapowaomba msome polepole.

Linganisha kayaki hii na mtumbwi wa mwembe. Mtumbwi ni mzito, sehemu kubwa ya ubavu wake imezama, maji yanaushika. Kayaki ya kujaza ina kilo kumi na kitu, imevimba pande zote, na inakaa juu ya maji kama kifuu cha nazi. Chini hakuna cha kuishika. Juu kuna ubavu mnene na kiwiliwili chako, na vyote viwili kwa upepo ni tanga. Hukutweka tanga, lakini unalo.

Sasa chukua ghuba yetu. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini na kusini-mashariki. Ghuba ya Msasani mdomo wake umetazama kaskazini, kuelekea kisiwa cha Bongoyo. Ukisimama upande wa Slipway, kwenye rasi ya Msasani, rasi yenyewe iko mgongoni mwako na inakukinga. Majumba na miti vinaukata upepo, mawimbi hayapo, maji yanang'aa. Mgeni anatazama na kusema, leo ni leo. Anaingia, anapiga kafi mara kumi, anaona anakimbia kama samaki, anadhani amekwisha kuwa hodari. Hajui kwamba anasukumwa.

Wimbi la upepo linahitaji nafasi ya maji ili likue. Upepo unapotoka bara, maji ya karibu na ufuko hayajapata nafasi hiyo, ndiyo maana yanaonekana yamelala. Kadiri unavyotoka, kinga inaisha, upepo unakushika sawasawa na mawimbi yanaanza kuinuka. Unageuza kayaki urudi na ndipo unapoujua ukweli. Mtu anayeanza, kwenye kayaki pana ya kujaza, huenda kilomita 3 au 4 kwa saa maji yakiwa shwari kabisa. Kusi ya noti 15 inakwenda karibu kilomita 28 kwa saa, na inakusukuma usoni. Mikono itachoka kabla ya upepo. Na kama ni bamvua na maji yanakupwa, hapa Dar tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, basi maji yote hayo yanatoka ghubani kwa njia ile ile upepo unayokupeleka.

Hali ni hiyo hiyo upande wa magharibi wa Unguja wakati wa kusi. Maji ya mbele ya Mji Mkongwe yanaweza kuonekana yamepoa kwa sababu kisiwa kizima kinayakinga, na upepo unatoka kisiwani kwenda kwenye mkondo wa bahari ulio kati ya kisiwa na bara.

Kipimo changu ni kimoja, na mtoto wa miaka kumi anakiweza. Simama ufukweni utazame bahari. Upepo ukikupiga usoni, hata ukikushinda utakurudisha ulikotoka. Ukikupiga kisogoni, siku hiyo usiingie. Sijali umesafiri kutoka wapi, sijali watoto wanalia. Kama ni mwepesi huwezi kuuhisi, chota mchanga mkavu uudondoshe, au tazama makuti ya minazi. Asubuhi mapema kwa kawaida kumetulia kuliko alasiri, lakini usijidanganye, maana hata umande, ule upepo mdogo wa alfajiri utokao bara, unatosha kuitembeza kayaki ya kujaza isiyo na mtu wa kuishikilia.

Siku ambayo hali inaruhusu, anza safari kwa kwenda dhidi ya upepo. Nguvu zako utazitumia mwanzoni ukiwa mzima, na upepo utakuleta nyumbani ukichoka. Tembea sambamba na ufuko, pale ambapo ukisimama maji yanakufika kifuani. Funga lile pezi la plastiki linalowekwa chini kwa nyuma. Wateja wangu huliacha ndani ya boksi wakidhani ni la urembo, kisha wanalalamika kwamba kayaki inazunguka yenyewe. Na ukishikwa na upepo ukashindwa, usiiache kayaki uogelee. Ilalie, jifanye mfupi upepo usikupate, piga kafi kimshazari kuelekea sehemu yoyote ya nchi, si lazima pale ulipoanzia, na piga filimbi. Wavuvi wa ngalawa wanaiona kayaki ya manjano kutoka mbali. Kichwa cha mtu hawakioni.

"Kwa kuwa haizami, jaketi okozi la nini?"

Ni kweli haizami. Lakini ukianguka, inakukimbia. Bila uzito wako upepo unaivuta kwa kasi ambayo waogeleaji wengi hawaifikii. Jaketi okozi linakuweka juu ya maji wewe, mwilini mwako, limefungwa vifungo vyote, si kuwekwa kama mto wa kukalia. Mimi siku ya kwanza humpindua kila mwanafunzi kwa makusudi, kwenye maji ya kiunoni, mpaka ajue kupanda tena. Asiyetaka kulowa simfundishi.

"Fundi, umeniuzia inayovuja"

Haivuji. Umeijaza saa tano kwenye mchanga wa moto, kisha umeiweka majini. Hewa ikipoa hupungua nguvu, ubavu unalegea, nawe unadhani kuna tundu. Iache dakika kumi majini, ongeza pampu kidogo, endelea.

Kinyume chake ndicho kinachoharibu kayaki kweli. Mtu anarudi majini, kayaki imejaa sawasawa, anaiacha juani akaenda kula chipsi. Hewa iliyofungiwa ikitoka nyuzi 25 hadi 60, nguvu yake inaweza kuongezeka kwa psi 1 na nusu hivi. Kwa ubavu uliotengenezwa kuhimili psi 1, huko ni zaidi ya mara mbili, na mshono huachia. Mshono ulioachia mimi siuwezi, na hakuna kiraka cha kuusaidia. Ukitoka majini, fungua valvu kidogo au ivutie kivulini. Ni sekunde tano.

"Boksi limeandika watu wawili, kilo 180"

Hicho ni kikomo, si pendekezo. Chukua theluthi mbili yake: watu, maji ya kunywa, begi, vyote. Kwa hesabu hiyo kilo 180 inakuwa 120, na hapo watu wazima wawili wenye miili yao wamekwisha kuijaza.

"Za bei rahisi ni takataka"

Sivyo. Kwa maji tulivu na mara mbili kwa mwezi, ya bei rahisi inatosha kabisa. Zile za sakafu ngumu, ambazo ndani yake kuna maelfu ya nyuzi zinazoshikilia pande mbili zisivimbe, zinakwenda mbio na zinanyooka vizuri, lakini mwanzoni huna mikono ya kuifaidi tofauti hiyo. Pesa iliyobaki nunulia jaketi okozi la maana, kisha kafi jepesi. Kafi linalokuja ndani ya boksi mara nyingi ni zito na linapinda, nawe utalinyanyua mara elfu kwa safari moja.

"Jiko la gesi halina moshi, naweza kupikia ndani ya hema"

Baada ya upepo, hili ndilo la pili kwa kunitia hasira. Moshi ni kitu kingine, sumu ni kitu kingine. Moto wowote unaokosa hewa ya kutosha hutoa monoksaidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, haikuwashi macho, haikukohozi. Unaumwa kichwa, unapata usingizi, unalala. Kwenye baridi ya Lushoto watu hufunga zipu zote za hema kisha wanawasha jiko wapate joto. Wengine huingiza la makaa na kuniambia makaa yakishakuwa mekundu hayana neno. Yana neno. Makaa mekundu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu moshi uliokuwa unakuonya umekwisha na sumu inaendelea kutoka. Jiko lipikie nje, na ukisikia baridi usiku ongeza blanketi.

"Zungushia bati, gesi isipotee"

Kinga ya upepo ni nzuri, lakini usiizungushe pande zote kwenye jiko linalokaa juu ya mtungi. Joto linarudi kwenye mtungi, nao umejaa gesi. Acha upande mmoja wazi na uguseguse mtungi: ukiwa wa moto, zima. Vivyo hivyo lile jiko bapa lenye kopo refu ubavuni, usiweke sufuria pana inayofunika upande wa kopo.

"Mtungi wowote mdogo unaingia jiko lolote"

Hauingii. Kuna wa kufunga kwa hesi, kuna wa kopo refu, kuna wa kutobolewa. Uliza kwanza duka la karibu linauza mtungi gani, ndipo ununue jiko. Na mtungi haupandi ndege, si mkononi wala kwenye mzigo.

"Jiko ni bovu, maharage hayaivi"

Mteja aliyeniambia hivi alikuwa amerudi kutoka Mlima Kilimanjaro. Jiko nililipima mbele yake, moto wa bluu, safi. Kambi ya Horombo iko mita 3,720, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 87 au 88, hayapandi zaidi hata ukiwasha majiko matatu. Mapovu utayaona, maharage yatabaki mawe. Zaidi ya hapo, mtungi wenye gesi ya butani peke yake hukataa kutoa gesi, baridi ikikaribia sifuri, kwa hiyo mlimani beba uliochanganywa na gesi ya propani. Maharage yachemshe nyumbani, yakaushe juani hadi yakwaruze, na kule juu yaloweke na kuyapasha tu.