Volti za nani? Hesabu za omu na wati zinazokosewa kila siku

Meza yangu ya ufundi iko Ngamiani, Tanga. Asubuhi nyingi huanza kwa kupokea pasi au birika la umeme lililoungua, pamoja na maelezo ya bure ya kilichoiunguza. Mengine huwa kweli. Haya hapa siyo.

"Umeme unaingia mwingi, unatoka kidogo, mwingine kifaa kimeshaula."

Mkondo, yaani umeme unaopita kwenye waya na kupimwa kwa ampia, hauliwi. Ampia zinazoingia kwa waya mmoja ndizo zinazotokea wa pili: waja leo, waondoka leo. Kinachoachwa kwenye kifaa ni nishati, yaani joto la pasi au upepo wa feni, na hiyo ndiyo inayohesabiwa na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Wati ni kasi ya kutumia nishati; yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima.

"Chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachokula umeme sana."

Ukinzani ni jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo, hupimwa kwa omu, lakini neno lenyewe linaponza watu. Likitajwa wanaona kitu kinachohangaika. Tupige hesabu. Birika limeandikwa wati 2,000 kwa volti 230, volti zikiwa ndizo msukumo wa umeme. Gawa wati kwa volti: ampia 8.7. Sasa gawa volti kwa ampia: omu 26 na ushei. Kifaa changu cha kuchomelea risasi ni cha wati 40 tu, na ukikifanyia hesabu hiyo hiyo unakuta omu zaidi ya 1,300. Kidogo ndicho chenye omu nyingi, kwa sababu zinakibania mkondo.

Hapo ndipo kijana mmoja wa sekondari, mtoto wa jirani, aliponibana. Alikuja na daftari. "Shikamoo fundi. Humu wameandika wati ni volti mara volti, gawa kwa omu. Chini yake wameandika wati ni ampia mara ampia, mara omu. Ya kwanza inasema omu zikizidi wati zinapungua, ya pili inasema zinaongezeka. Ipi ya uongo?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na mafundi wenzangu. Nikampa plagi ya birika lililoletwa asubuhi ile. Pini moja imekuwa nyeusi, plastiki pembeni yake imelegea na kubonyea kama mshumaa uliosahauliwa juani. Mwenyewe alisema umeme ulizidi. Haukuzidi; soketi yake ilikuwa imelegea, haiishiki pini sawasawa, na pale zinapogusana pana ukinzani. Nikamwambia kijana auchukulie kuwa nusu omu, apige hesabu ya wati.

Akachukua 230 mara 230, akagawa kwa 0.5. Wati 105,800! Akanitazama, akaitazama plagi. Kwa wati hizo nyumba ingekuwa majivu.

"Hizo volti 230 za nani?" nikamuuliza.

Ni za soketi nzima, zinagawanwa na wote waliopangwa kwenye njia moja. Birika la omu 26.5 linachukua karibu zote. Pini inapata volti 4 na kidogo. Mkondo umeshapangwa na birika, kama ampia 8.5, na pini haina ubavu wa kuubadilisha sana; basi kwake tumia ampia mara ampia, mara omu: wati 36 hivi. Ni kama kukichomeka kile kifaa changu cha kuchomelea risasi ndani ya plastiki na kukiacha humo hadi maji yachemke. Hapa omu zikiongezeka kidogo, joto linaongezeka pia. Kanuni zote mbili ni za kweli, mradi volti na ampia unazoingiza ziwe za kitu hicho hicho unachokipigia hesabu.

Kosa hilo liko hata kwenye nguzo kubwa. Watu hudhani volti 132,000 kwenye njia inayotoka Hale, kwenye mitambo ya umeme wa maji, zinapoteza umeme mwingi njiani. Lakini hizo ni volti kati ya waya na waya, si za mwanzo wa waya hadi mwisho wake. Volti zimepandishwa ili ampia zishuke; ampia zikiwa nusu, joto linalopotea kwenye waya linakuwa robo.

"Umeme ukiwa mdogo, ampia zinapanda."

Nusu kweli, ndiyo maana haifi. Kwa birika si kweli: volti zikishuka hadi 200, ampia zinakuwa 7.6 na wati kama 1,510. Chai itachelewa tu. Kwa friji ni jambo jingine. Mota ikishindwa kuanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mpaka iungue.

"Nimepima omu, basi wati nazijua."

Chukua balbu ya zamani ya wati 100, ile ya uzi, uipime ikiwa baridi. Utakuta omu kama 38, na hesabu itakwambia ni wati karibu 1,400. Ikiwaka, uzi unapata moto na ukinzani unapanda hadi omu 529. Koili ya birika haibadiliki hivyo, unaweza kuiamini. Chaja ya simu na balbu za LED usijisumbue kuzipima omu, hutapata kitu cha maana.

Na kifaa unachokipima omu kichomoe kwanza. Mita yangu ya kwanza iko chini ya meza hadi leo, ncha moja imeyeyuka. Nilitaka kujua soketi ina omu ngapi.