Je, wajua kwa nini dawa ya matone haiondoi mtoto wa jicho?

Chukua kichwa cha mgebuka aliyechemshwa, wa wale wanaoshushwa mwalo wa Kibirizi pale Kigoma, ubonyeze jicho lake. Kitachomoka kigololi cheupe, kigumu. Samaki alipokuwa mbichi kigololi hicho kilikuwa angavu kama tone la maji, maana ndiyo lenzi aliyoonea. Kilichokipata jikoni kwa dakika 10 kinafanana sana na kinachoipata lenzi ya mtu kwa miaka 60.

Jina ndilo limetupotosha wengi. Ukisikia "mtoto wa jicho" unadhani kuna kitu kimezaliwa juu ya jicho, utando fulani, na utando si huoshwa? Hapo ndipo zinapoanza asali, maji ya majani na matone ya dukani. Lakini weupe huo uko ndani, kwenye lenzi, nyuma ya mboni, kama milimita 3 kutoka kioo cha mbele cha jicho, yaani konea. Mshale wa saa ukishika kutu, hata ufute kioo mpaka king'ae, kutu iko palepale. Tena vya kuoshea vyenyewe huweza kuchubua konea, kidonda kikapona kwa kovu, na mgonjwa akawa na weupe wa pili usiohusiana kabisa na ule wa kwanza.

Aina hizo mbili za weupe, pamoja na kinyama cha jicho, huchanganywa sana. Tochi hutenganisha. Kovu la konea liko juu, na laweza kuziba hata sehemu ya lile duara la rangi. Kinyama huanzia kwa kawaida upande wa pua, kina umbo la pembetatu na mishipa myekundu, kikitambaa kuelekea katikati. Mtoto wa jicho huacha uso wa jicho ukimetameta kama kawaida. Weupe au ukijivu unaonekana kwenye tundu la mboni tu. Mulika kutoka pembeni: duara la rangi likitupa kivuli chembamba kama mwezi mwandamo juu ya weupe, ukungu bado haujafika tabaka za mbele za lenzi. Kisipokuwepo, lenzi imejaa.

Sasa, kwa nini lenzi ivae ukungu? Karibu theluthi moja ya uzito wake ni protini, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Mchuzi mzito hivyo ungetarajiwa uwe kama maziwa. Unaonyesha kwa sababu protini zake, kristalini, zimesongamana kwa mpangilio sawia, mwanga ukapita bila kutawanyika. Fikiria ute wa yai. Mbichi unaona kidole kwa upande wa pili. Ukikaangwa unakuwa mweupe, na hakuna kilichoongezwa. Protini zilezile zimefumuka, zikashikana mabonge. Kwenye lenzi kazi hiyo hufanywa polepole na umri, mionzi ya jua, kisukari, moshi wa sigara au dawa za steroidi zikitumika muda mrefu. Na lenzi haina njia ya kujikarabati: hukua kwa tabaka kama kitunguu, imefungwa ndani ya kifuko, na kiini chake kiliundwa kabla mtu hajazaliwa.

Anayetafuta tone la kuyeyusha ukungu anadhani lenzi ni mawese, ambayo huganda asubuhi ya baridi na kuyeyuka yakipashwa. La ajabu ni kwamba lenzi ya ndama hufanya hivyo hasa: huwa nyeupe ikipozwa, hung'aa tena ikipata joto. Ya mzee ni yai. Mwaka 2015 watafiti walieleza kuwa kemikali iitwayo lanosteroli ilipunguza ukungu kwenye macho ya mbwa, magazeti yakashangilia. Wengine walipoijaribu kwenye viini vya lenzi vilivyotolewa kwa watu, havikung'aa.

Dalili moja huwadanganya hata ndugu. Kiini kikianza kukaza, nguvu ya lenzi huongezeka, na bibi aliyekuwa haoni maandishi bila miwani anaanza kuyasoma bila kitu. Nyumbani wanashukuru dawa ya majani. Mwulize anaonaje watu walio mbali.

Kusubiri ukungu "uive" ndipo jicho lipasuliwe nako kumepitwa na wakati. Lenzi iliyoiva kupita kiasi huvimba au kuvuja, ikapandisha presha ya jicho kwa maumivu makali, na ugumu wake humsumbua mpasuaji. Upasuaji wenyewe kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya jicho tu. Kwanza urefu wa jicho na mviringo wa konea hupimwa, maana vipimo hivyo ndivyo vinavyochagua nguvu ya lenzi bandia. Vikikosewa, mtu huona vizuri kwa miwani minene tu. Kisha tundu la milimita 6 au 7, lililochongwa kama handaki lijifunge bila uzi, kiini kinatolewa, kifuko kinabaki, lenzi bandia inakaa humo.

Miezi au miaka baadaye ukungu ukirejea, watu husema mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi: chembe zilizobaki zimetambaa kwenye ukuta wa nyuma wa kifuko. Mashine ya leza hutoboa dirisha dogo hapo kwa dakika chache, bila kisu.