Kitufe Hakioni Ardhi: Wanayokosea Wengi Kuhusu Jeki za Haidroli za Karavani

Unabonyeza kitufe kimoja. Mota inanguruma chini ya sakafu, miguu ya chuma inashuka, nyumba inayumba kidogo huku na kule, na baada ya dakika chache taa inawaka kijani. Kwa mtu aliyewahi kusawazisha karavani kwa vipande vya mbao, gari likienda mbele na kurudi nyuma huku mwenzake akipaza sauti "bado, bado kidogo, ah, umepitiliza!", hii ni raha tupu. Ila raha hiyo imezaa imani nyingi zisizo na kichwa wala miguu, na baadhi yake zinaweza kupinda chasisi au kumponda mtu.

Karavani ninayoizungumzia ni ile isiyo na injini, inayokokotwa: iwe inashikwa nyuma kwenye ndoano ya gari, au ni ile kubwa ambayo pua yake imepanda juu ya bodi ya pikapu. Mota ya volti 12 inazungusha pampu, pampu inavuta mafuta kutoka tangi dogo na kuyasukuma, kupitia vali za umeme, hadi kwenye silinda ya kila mguu, na mguu huo ndio jeki. Kanuni yake aliieleza Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa kila upande. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la karibu sentimita za mraba 20. Isukume kwa shinikizo la bar 200 (bar moja ni karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba), na mguu huo mmoja unanyanyua karibu tani 4. Nguvu ya namna hiyo haina macho. Inasukuma tu.

"Jeki zikishashuka karavani haiendi popote, kabari za nini tena?"

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Mguu wa jeki umetengenezwa kubeba uzito unaokuja wima. Ukisukumwa kwa ubavu ni dhaifu, na kadiri ulivyotoka mrefu ndivyo ulivyo dhaifu zaidi. Kinachoizuia karavani isiteleze ni tairi zilizokandamiza ardhi na kabari zilizozibana. Sasa fikiria jeki zinafanya nini: zinaziondolea tairi uzito uleule uliokuwa unazishikilia. Hata karavani yenye breki ya mkono haiokoki hapo, kwa sababu breki inashika gurudumu, na gurudumu lililo hewani halishiki chochote.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: simamisha, weka kabari mbele na nyuma ya tairi, tena pande zote mbili, ndipo uachanishe na gari, ndipo ubonyeze kitufe. Nasema pande zote mbili kwa sababu upande wa bondeni ukinyanyuliwa, tairi zake zinaweza kuachana na ardhi, na kabari za upande huo zikabaki pambo. Wakati wa kuondoka unarudi kinyumenyume: gari lishike na kujifunga kwanza, jeki zipande zote, kabari ziwe za mwisho kutoka.

Ukiona tairi za pande zote mbili zinaelekea kuning'inia, mfumo haujashindwa. Umechagua mahali pabaya. Hama, au shusha jeki, weka mbao pana chini ya tairi za upande wa chini, na uanze upya. Na usiwashe otomatiki, yaani kitufe cha kujisawazisha chenyewe, karavani ikiwa bado imeshikana na gari. Kwa zile za pikapu, jeki za mbele zinaweza kunyanyua pua pamoja na mgongo wa pikapu yenyewe.

"Inabeba tani, basi hata tairi nitabadilishia"

Hapana. Kinachoshikilia nyumba hapo ni mafuta ndani ya bomba la mpira na vali ndogo iliyofungwa. Bomba likipasuka au vali ikiachia, uzito unashuka bila kukuarifu. Vitabu vya mfumo hukataza kutumia jeki hizi kwa tairi au kwa kuingia chini ya gari. Tumia jeki ya kawaida, mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji wa chasisi, na stendi za chuma chini yake.

"Nimechomeka umeme wa kambini, betri haina kazi"

Simama karibu na pampu siku moja, usikilize. Miguu ikiwa inashuka hewani, mota inalia kwa sauti nyembamba, nyepesi. Nyayo zinapogusa ardhi sauti inashuka, inakuwa nzito kama ya mtu anayenyanyua gunia, na taa za ndani zinafifia. Hapo ndipo mota inapokula umeme, na kwa mzigo mzito inaweza kuvuta ampea 80 na kuendelea. Chaja ya ndani ya karavani, ile inayogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, nyingi hutoa kama ampea 45 hadi 60, tena hapohapo inahudumia taa na feni. Pengo hilo linazibwa na betri.

Betri ikiwa imechoka, volti zinaporomoka katikati ya kazi, kompyuta ya mfumo inasimamisha kila kitu na kuonyesha hitilafu, na mwenye mali anatangaza kwamba pampu imekufa. Nimeshasikia maombolezo ya pampu nyingi zilizo hai. Kabla ya kununua nyingine, weka mita ya volti kwenye nguzo za betri pampu ikiwa inafanya kazi. Volti 12.6 ikiwa imepumzika hazikuambii chochote kuhusu hali yake ikibebeshwa mzigo. Angalia pia waya wa ethi unapoungana na chasisi. Kutu kidogo pale inatosha kuleta kisa chote hiki.

"Otomatiki inajua usawa ni nini"

Inajua kile ilichofundishwa. Ndani ya boksi la mfumo kuna kihisi kinachopima mwinamo wa boksi lenyewe, si wa sakafu wala wa kitanda chako. Boksi likifungwa limeinama kidogo, mfumo utasawazisha boksi kwa uaminifu mkubwa na kukuacha wewe unabingirika usiku. Ndiyo maana kuna hatua ya kuweka alama ya sifuri: unaendesha jeki kwa mkono, unaweka pimamaji sakafuni katikati ya nyumba, urefu kisha upana, na ukiridhika unauambia mfumo uhifadhi hapo. Boksi likifunguliwa na kuhamishwa, kazi hiyo inarudiwa.

Kuna na upande wa pili wa imani hii, wa watu wanaofukuza povu la pimamaji mpaka likae katikati kabisa, wakipandisha huku na kushusha kule nusu saa nzima. Haina haja. Anayedai usawa wa kweli ni friji ya gesi, isiyo na kompresa. Humo amonia iliyogeuka kimiminika inateremka kwa uzito wake tu. Ikiinama mno mzunguko unakwama, na ikiachwa hivyo ikiwaka kwa muda mrefu, mabaki yanaweza kuziba boila yake na friji isipone. Hata hivyo kikomo kinachotajwa kwa nyingi ni nyuzi 3 kutoka ubavu hadi ubavu wa friji yenyewe, na 6 kutoka mbele hadi nyuma yake. Nyuzi 3 ni karibu sentimita 5 kwa kila mita. Mwinamo huo utausikia kitandani kabla friji haijaanza kulalamika. Friji za kompresa hazina usumbufu huo.

"Asubuhi imeinama, basi mafuta yanavuja"

Pengine. Lakini piga hesabu kwanza. Mafuta ya haidroli hupungua ujazo yakipoa, takriban sehemu 7 katika 10,000 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Mguu uliotoka sentimita 40 jioni ya joto, usiku ukapoa nyuzi 20, unafupika karibu milimita 5 au 6 bila tone moja kupotea. Na kwa kuwa mguu uliotoka zaidi ndio unaofupika zaidi, nyumba haishuki sawasawa. Inainama.

Mshukiwa wa pili ni ardhi. Jioni pima kwa futi ya fundi kutoka unyayo wa jeki hadi chasisi, andika, na asubuhi pima tena. Kipimo kisipobadilika na nyumba imeinama, udongo umezama. Mguu ukiendelea kufupika siku baada ya siku, hasa ukiwa mmoja tu, hapo sasa tafuta vali isiyofunga au mahali panapovuja.

Ukitafuta, usipapase bomba kwa mkono. Kitobo kidogo kuliko ncha ya sindano, kwa shinikizo lile, kinarusha mafuta yanayopenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba, hakiumi sana mwanzoni, na mtu anaenda zake. Ndani nyama inaharibika, na kidole au mkono unaweza kupotea. Aliyepatwa na hilo akimbizwe hospitali saa hiyohiyo na aseme wazi kwamba ni mafuta ya haidroli. Wewe pitisha kipande cha kadibodi kando ya bomba, mfumo ukiwa na shinikizo, na utazame doa.

"Mafuta ni mafuta"

Mifumo mingi ya karavani hutumia mafuta ya gia otomatiki, yale yenye herufi ATF kwenye kopo, lakini soma lebo ya tangi lako. Mafuta ya breki ni sumu kwa sili, ile mipira inayozuia mafuta yasitoke. Yanaivimbisha na kuilainisha, kisha kila kiungo kinaanza kutoa machozi. Kipimo cha mafuta kinaangaliwa jeki zote zikiwa zimepanda, pamoja na vyumba vya pembeni, vile vinavyosukumwa nje karavani ikishasimama, kuingizwa ndani kama vinaendeshwa na pampu hiyohiyo. Anayejaza tangi miguu ikiwa imeshuka atayaona mafuta yale yakifurika siku ya kuondoka.

Na tafadhali, usipake grisi fimbo inayong'aa ya jeki. Grisi inanasa mchanga, fimbo inapopanda inauburuta hadi kwenye sili, na sili inakwanguka. Kitambaa kikavu kinatosha.

"Kuweka ubao chini ya mguu ni ushamba"

Unyayo wa duara wenye kipenyo cha sentimita 25 unakanyaga sentimita za mraba 490 hivi. Ubao mnene wa sentimita 50 kwa 50 unakanyaga 2,500, mara tano yake. Juu ya nyasi laini au lami iliyoiva kwa jua, tofauti hiyo ni kulala au kuamka usiku kusawazisha tena. Zaidi ya hapo, unene wa ubao unapunguza urefu ambao mguu unatoka, na mguu mfupi hauyumbi sana mtu anapotembea ndani.

Vyumba vya pembeni navyo, kwa mifumo mingi, hutolewa baada ya kusawazisha, maana kiunzi kilichojipinda kinabana reli zake. Baadhi ya watengenezaji wana utaratibu mwingine, kwa hiyo kitabu chako kina kauli ya mwisho.

"Pampu ikifa mmekwama hapo hapo"

Mifumo mingi ina njia ya mkono: vali zinazofunguka kwa spana ndogo, na sehemu kwenye mota au pampu ambapo drili ya betri inaweza kushika na kuizungusha. Itafute mchana, ukiwa huna haraka, uone kama spana inafika na drili inaingia. Na siku ya kuitumia kweli, gari liwe limeshafungwa na kabari zipo, kwa sababu ukilegeza vali ya mguu uliobeba uzito, nyumba haisubiri drili. Inashuka yenyewe mpaka tairi ziguse ardhi, na wakati huo mguu wa mtu usiwe chini yake.