Elimu kwa umma: kinyonga hafugwi kama kuku

Masika yakianza, simu za ofisini kwetu hubadilika. Habari za tembo shambani hupungua kidogo, zinaingia za vinyonga. Safari hii zimezidi, na wengi wanaopiga hawaulizii kinyonga mmoja waliyemkuta akivuka barabara. Wana kumi, wana ishirini, wamewaweka kwenye boksi au banda la kuku, na wameanza kufa. Siwaiti majangili watu hawa. Wengi walimwokota wa kwanza asikanyagwe na bodaboda, wakampenda, kisha wakamtafutia mwenzake asiwe mpweke.

Hapo kwenye "asiwe mpweke" ndipo pa kuanzia. Kinyonga hajui upweke. Maisha yake yote anakaa peke yake kwenye kijiti chake, na mwenzake anamtaka siku za kupandana tu. Jike akishabeba mayai, dume akimsogelea tena anamgeukia kwa rangi nzito, mdomo wazi, anayumba kwenye tawi mpaka dume aelewe. Kwenye msitu dume anaondoka. Kwenye boksi ataenda wapi?

Nayasema haya nikiwa na deni langu. Miaka ya nyuma, katika kituo nilichokuwa nafanyia kazi, tuliletewa vinyonga 31 waliokamatwa ndani ya basi. Tukawaweka wote kwenye kizimba kimoja kikubwa cha wavu, tukakijaza matawi, tukajipongeza. Hawakupigana. Laiti wangepigana, tungejua mapema. Waliowahi matawi ya juu walibaki na kijani chao. Wa chini wakawa kahawia, kisha karibu weusi, hata saa sita mchana. Panzi tuliowatupia waliliwa na wale wale watano au sita wa juu. Kila asubuhi mlinzi alikuta mmoja yuko sakafuni, vidole bado vimefumbata kijiti.

Kizimba kilikuwa kikubwa vya kutosha. Ila macho ya kinyonga yanazunguka kila moja kivyake, anaona karibu pande zote bila kugeuza kichwa, kwa hiyo kila mmoja alikuwa akiwatazama maadui thelathini kutwa nzima. Tulipotundika makuti katikati, kila mmoja akawa na chumba chake asimwone jirani, waliobaki walianza kula.

Kosa la pili linanitia aibu zaidi. Kinyonga hanywi maji ya bakuli. Analamba matone kwenye majani. Tulilijua hilo, tukaenda stoo kuchukua bomba la kunyunyizia. Bomba lenyewe lilikuwa la dawa ya kupe, limesuuzwa mara moja. Wanne walikufa kabla ya jioni. Tangu hapo tunatumia chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano, inaning'inizwa juu ya jani pana, inadondosha polepole asubuhi na jioni. Ni hilo tu, na halina gharama. Angalia na kinyesi: ile sehemu ngumu ya mkojo inayotoka nacho ikiwa nyeupe, maji yanatosha. Ikiwa ya njano iliyokolea au ya rangi ya chungwa, na macho yamebonyea, umechelewa siku kadhaa.

Mama mmoja alinipigia akasema, "Daktari, wangu ni mpole sana, mchana kutwa amefumba macho." Nikamwambia, "Mama, kinyonga mzima hafumbi macho mchana. Mlete leo." Alimleta baada ya siku tatu. Miguu imepinda, taya limekuwa laini kama mpira. Hayo ni matege, yale yale ya watoto. Kinyonga anahitaji jua la moja kwa moja ili mwili wake utengeneze vitamini D na kuitumia chokaa (yaani kalsiamu) ya kwenye chakula. Jua lililopita kwenye kioo cha dirisha halimsaidii, kwa kuwa kioo kinazuia mionzi ile ya urujuanimno anayoihitaji. Halafu anakula mdudu wa aina moja kila siku. Panzi mwenyewe hana chokaa ya kutosha, na akitoka kwenye bustani ya mboga iliyopuliziwa dawa, ni sumu yenye miguu.

Jike anayeshuka chini na kukwaruza pembe za kizimba watu hudhani anataka kutoroka. Anatafuta udongo. Kinyonga wetu wa kawaida wa mabondeni hutaga mayai kwa makumi, na anataka udongo wenye unyevu, wa kina kinachomtosha kuingia mwili mzima. Akikosa, anayazuia tumboni mpaka yamuue. Wenye pembe wa baadhi ya milima huzaa watoto hai, na hao watoto waondoe haraka, wakubwa huwala.

Sasa joto, ambalo ndilo linaua wengi zaidi mijini. Kinyonga wa Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, amezoea usiku wa kuvaa sweta. Umempeleka Temeke, chini ya bati, unashangaa anatweta mdomo wazi. Hakuna feni wala kitambaa kibichi kitakachoirudisha Lushoto.

Nimeeleza matunzo kwa sababu kuna watu wanao vinyonga leo hii na wanyama hao wasiteseke wakati wakisubiri utaratibu. Isichukuliwe kuwa ni ruhusa. Kinyonga ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Sura ya 283, kumkamata au kukaa naye kunahitaji kibali. Kibali hutangulia mnyama. Hakuna utaratibu wa kumkamata kwanza kisha "kumhalalisha" kwa kulipa ada, na naomba tusiulizwe tena swali hilo kwenye simu. Anayetaka kuanzisha shamba au bustani ya wanyamapori anaomba kwa maandishi, eneo linakaguliwa, chanzo cha wanyama kinathibitishwa, na baada ya hapo kuna kumbukumbu za kila anayezaliwa na kila anayekufa.

Asiye na kibali akikamatwa, mnyama anaitwa nyara ya Serikali, hata kama ana urefu wa kidole na yu hai. Afisa wanyamapori anaandaa hati ya thamani, na thamani hiyo ndiyo inayopima adhabu. Kwa kuwa kielelezo hai hakikai stoo, anapelekwa mbele ya hakimu pamoja na mtuhumiwa, mtuhumiwa anasikilizwa, ndipo inatoka amri ya nini kifanyike kwa mnyama. Hatua hiyo hairukwi. Shauri likifunguliwa kama uhujumi uchumi, mahakama ya chini hailisikilizi bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na ukipatikana na hatia kifungo ni kati ya miaka 20 na 30. Kusema "niliuziwa" hakukusaidii, kunamwongeza mshtakiwa wa pili.

Kusafirisha nje ndiyo kabisa. Biashara ya kutoa wanyamapori hai nchini ilifungwa mwaka 2016. Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwapa wafanyabiashara miezi sita wamalizie wanyama waliobaki mazizini, Pindi Chana, aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii wakati huo, akalisitisha kabla halijaanza kutumika. Bado kuna wanaozunguka na nakala ya tangazo lile kwenye simu. Na wanaosema vile vinyonga vidogo vya kwenye majani makavu "havimo kwenye CITES", mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe pori walio hatarini, wamebaki nyuma: viliingizwa kwenye orodha yake ya pili katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, kaka zao wakubwa wakiwa humo zamani.

Mwanzoni mwa 2021 habari zilienea za mtu aliyekamatwa uwanja wa ndege wa Vienna na vinyonga 74 kutoka Usambara, akiwa amewafutika ndani ya soksi na makopo matupu ya aisikrimu. Walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Watatu hawakupona. Thamani yao ilitajwa kuwa kama yuro 37,000, na faini aliyokuwa akiikabili kule haikuzidi yuro 6,000. Mnunuzi wa Ulaya anaweza kupiga hesabu hiyo na kuona inalipa. Kijana wa Lushoto anayelipwa elfu chache kwa kila kinyonga anapigiwa hesabu nyingine, ile ya miaka niliyoitaja hapo juu.

Kinyonga hana sumu, hang'ati mtu akapofuka, na habadiliki rangi ili afanane na shati lako. Rangi ni joto, hasira, woga na kutongoza. Na msimuue mkimwona mlangoni. Nimeshachoka kuyasema haya lakini nayasema.

Mwenye vinyonga sasa hivi aende kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yake au ofisi iliyo karibu ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, mchana, yeye mwenyewe. Siwezi kuahidi lolote kwa niaba ya waendesha mashtaka. Naweza kusema tu kwamba anayekuja kwa miguu yake na anayefumaniwa stendi na begi hawaandikwi maelezo yanayofanana.

Usiwaachie kichakani usiku ili yaishe. Vinyonga waliokaa pamoja hubeba minyoo na magonjwa ya mwenzao, na zaidi ya hapo, kila mlima una wake. Wataalamu waliipa jenasi nzima, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, jina letu, *Kinyongia*, mwaka 2006, na miaka miwili baadaye wakaonyesha kuwa wenye pembe mbili za puani, waliokuwa wakiitwa jina moja, ni spishi tofauti: wa Usambara Magharibi mbali, wa Usambara Mashariki mbali. Ukimchukua wa Lushoto, Usambara Magharibi, ukamwachia kule Amani, Usambara Mashariki, umemtupa ugenini.

Kwa hiyo unapowapeleka ofisini, kila mmoja awe kwenye kiboksi chake chenye matundu, na kijiti cha kushika ndani, asimwone mwenzake. Usimlishe njiani. Juu ya boksi andika kwa kalamu isiyofutika tarehe na mahali alikotolewa. Watu wanatuandikia "Tanga". Tanga ina milima na ina pwani, haitusaidii kitu. Andika kijiji, na kama unakumbuka, andika na kitongoji.