Usimamizi wa umeme wa USB: nani anatoa, nani anapokea, kiasi gani

Juzi nimeitwa Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. "Fundi, diski imekufa. Humo ndani kuna kazi za wanafunzi za mwaka mzima." Nilipofika niliisikia kabla sijaiona: tk, tk, tk. Inaanza kuzunguka, inakata pumzi, inaanza upya. Laptopu yake ina matundu mawili ya USB. Moja lilikuwa na modemu, la pili lilikuwa na habu ndogo ya matundu manne, na kwenye habu hiyo kulikuwa na mausi, kibodi, kisoma alama za vidole na hiyo diski.

Diski ilikuwa nzima. Ilikuwa na njaa.

Usimamizi wa umeme wa USB ni utaratibu unaopanga nani anatoa umeme, nani anapokea, kiasi gani, na ni wakati gani upunguzwe au ukatwe. Wahusika ni watatu: kompyuta, ambayo kwenye mfumo huu ndiyo mwenyeji, habu, inayogawa tundu moja kuwa mengi, na kifaa kilicho mwisho wa waya. Wengi wetu tunauona waya wa USB kama bomba lililoachwa wazi, kila mtu achote apendavyo. Haiko hivyo. Iko zaidi kama mfereji wa mashamba ya mpunga kule Mbarali: kuna banio, kuna zamu, na maji yakizidiwa na majaruba, wa mwisho mferejini ndiye anayekauka.

Kifaa kikichomekwa kwenye tundu la USB 2.0, mfumo uliotoka mwaka 2000, kinapata volti 5 lakini kinaruhusiwa kuchukua miliampia 100 tu kwanza (miliampia 1000 ni ampia moja, yaani 1A). Hapo ndipo kinajitambulisha kwa kompyuta: mimi ni diski, nimetengenezwa na fulani, na umeme wa juu kabisa nitakaohitaji ni kiasi hiki. Kompyuta ikiona kiasi hicho kipo, inakiruhusu, na ukomo ni miliampia 500. Kwenye USB 3.0 ya mwaka 2008, hatua ya kwanza ni miliampia 150 na ukomo ni 900. Anayetumia kompyuta ya mfumo wa Linux akiandika amri ya lsusb -v atayaona maombi hayo kwenye mstari wa MaxPower, kifaa kimoja baada ya kingine. Ila jambo moja liwekwe wazi: ile ni kauli ya kifaa, si kipimo. Kifaa kinaweza kusema 100 kikachukua 600. Cha kukizuia ni ulinzi ulio kwenye tundu lenyewe, unaokata umeme mkondo ukizidi. Habu nyingi za bei ya chini hazina ulinzi huo kwa kila tundu.

Sasa turudi kwenye habu ya mama, kwa sababu matatizo mengi ninayoyaona Mbeya yanaanzia hapo. Habu isiyo na adapta yake inakula umeme uleule inaopewa na kompyuta. Ikiwa ya USB 2.0, inapewa 500. Inatoa 100 kwa ajili yake yenyewe, zinabaki 400, na kila tundu kati ya manne linastahili 100. Mausi inatosheka. Kibodi pia. Lakini diski ndogo ya inchi 2.5 mara nyingi ina lebo inayotaja kati ya 0.5A na 1A, na kinachokula zaidi ni ile sekunde ya kuanza kuzungusha sahani. Ikiomba nguvu hiyo mahali palipobaki 100, volti zinashuka, mota inasimama, umeme unapanda tena, mota inajaribu tena. Ndiyo ile tk, tk, tk.

Waya nao unachangia. Waya mwembamba wenye ukinzani wa jumla wa nusu omu, ukipitisha 0.9A, unapoteza karibu nusu volti njiani. Kompyuta imetoa 5, diski imepokea 4.55. Ndiyo maana kabla ya kununua chochote huwa nabadilisha waya kwanza, niweke mfupi na mnene.

Siku ile tulichomeka diski moja kwa moja kwenye laptopu, modemu tukaiweka kando, mama akatumia intaneti ya simu. Ikazunguka bila kusita. Kabla ya yote tulinakili mafaili, kwa sababu diski inayozimika katikati ya kuandika inaweza kuharibu data hata kama yenyewe ni nzima, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi ya yote.

Tiba ya kudumu ni habu yenye adapta yake ya ukutani. Hii inaweza kulipa kila tundu haki yake kamili: matundu manne ya 500 ni 2A, ongeza ya habu yenyewe, kwa hiyo tafuta adapta ya 2.5A au zaidi. Ya USB 3.0, manne ya 900 ni 3.6A, tafuta ya 4A. Tafadhali soma lebo ya volti. Adapta ya ruta ya 12V inaweza kuwa na kichwa kinachoingia vizuri kabisa kwenye habu ya 5V, na ikiingia unaweza kupoteza habu na vyote vilivyochomekwa humo.

Kwa huku kwetu kuna angalizo jingine. Mvua zikianza Novemba na umeme ukawa wa kukatikakatika, laptopu inabaki hai kwa betri yake, lakini habu imepoteza chanzo chake. Vifaa vyote vinakatika kwa pamoja, na diski pamoja navyo. Kwa hiyo, hata ukiwa na habu nzuri, mimi nasema diski ikae kwenye laptopu yenyewe, na habu ibebe mausi, kibodi na kile kisoma vidole. Na ukizima laptopu ukaona taa yake bado inawaka kwa sababu habu imechomekwa ukutani, iondoe habu hiyo. Inarudisha umeme kwa mwenyeji, jambo ambalo kanuni za USB zimelikataza.

Usimamizi una upande wa kulala pia. Njia ya mawasiliano ya USB ikiwa kimya kwa milisekunde 3, kifaa kinatakiwa kulala na kisichukue zaidi ya miliampia 2.5. Ni jambo jema kwa betri. Ila baadhi ya vifaa vikilala haviamki vizuri: mtu anakwenda kunywa chai, anarudi, kisoma vidole hakionekani mpaka kichomolewe. Kwenye Windows, fungua sifa za habu hiyo, sehemu ya usimamizi wa umeme, uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa nishati.

USB-C, ile ya kichwa kidogo kinachoingia hata ukikigeuza, imebadilisha mazungumzo yenyewe. Umeme unaweza kwenda upande wowote, na anayetoa data si lazima awe anayetoa umeme: laptopu inaongoza skrini huku skrini hiyohiyo ikiichaji. Pande mbili zinakubaliana si mkondo tu bali hata volti, 5, 9, 15 au 20, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 hadi 48, ambayo kwa 5A ni wati 240. Waya wa kupitisha zaidi ya 3A lazima uwe na chipu ndani inayosema unaweza. Usipokuwa nayo, chaja inabaki kwenye 3A hata iwe kubwa namna gani. Na habu ya USB-C inayopitisha chaji hujikatia fungu lake kwanza. Chomeka chaja ya wati 65 kwenye habu inayojiwekea 15, laptopu inaona 50. Kama laptopu yako inahitaji 65 ukiwa unahariri video, betri itapungua polepole huku alama ya kuchaji ikiwaka.